Ndoo ya Usipa Kutoka Likoma

Kwetu Kyela, mtu akitaka kujua hali ya ng'ambo haulizi redio. Anakwenda Kasumulu kutazama mizigo. Mama yangu aliuza mchele pale mpakani kwa miaka mingi, na hivyo ndivyo alivyoijua Malawi: sukari ikivuka kwa wingi kuja kwetu, basi kwao si kubaya, watu wakija mikono mitupu wakiulizia unga, ujue mvua imewatupa. Miaka ya themanini, maduka yetu yalipokuwa hayana sabuni wala mafuta ya kula, mzigo ulitoka kwao. Mimi nilizaliwa katikati ya uhaba ule, na mama husema sabuni ya kwanza iliyonigusa mwili ilitoka Karonga.

Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuipita Karonga. Alikuwa akifika sokoni, anauza, ananunua, anageuza. Aliponiuliza siku moja, "Hivi huko chini kukoje?", nikagundua kwamba nimeishi Dar es Salaam miaka kumi na miwili, nimepanda ndege mara kadhaa, na sina jibu juu ya nchi ninayoiona kutoka uwanja wa nyumba yetu.

Nikaenda mwezi wa nane, miaka michache kabla ya korona. Basi hadi Nkhata Bay, meli hadi kisiwa cha Likoma, kisha meli hiyohiyo kupanda nayo kaskazini mpaka Chilumba. Zilikuwa siku kumi kwa jumla.

Daraja la mto Songwe tulilivuka kwa miguu. Mtanzania haombi viza kuingia Malawi, kwa hiyo muhuri uligongwa upesi, na vijana wa kabaza, yaani baiskeli za abiria, wakaanza kugombania begi langu. Jambo la kwanza lililonisumbua ni saa. Wao wako nyuma yetu kwa saa moja, tena huhesabu kuanzia usiku wa manane kama Wazungu. Konda akisema gari linaondoka saa nane, ana maana ya asubuhi, saa mbili kwa hesabu yetu, na kwa jua la Kyela tayari ni saa tatu. Nilikosa gari la kwanza kwa sababu ya hesabu hiyo. La pili lilikuwa na kiti kimoja cha kukunja, mlangoni, juu ya gunia la mchele.

Lugha, kwa mwanzo ule, haikunipa shida hata kidogo. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa kwetu ni watu waliokatwa na mto tu. Mama muuza ndizi alipopokea hela yangu akasema "ndaga fijo", na mimi nikajibu kama ningemjibu jirani yetu wa Ipinda. Alinitazama mara ya pili, akaongeza ndizi mbili.

Karonga nililala usiku mmoja. Mji wenyewe ni tambarare, una joto na vumbi jepesi, na una historia ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuijua hata kama haitupendezi. Hapa palikuwa na ngome ya Mlozi, mfanyabiashara Mswahili wa pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1887 watu wake waliwaua Wangonde kwa wingi kwenye kinamasi cha Kambwe, na vita ikaendelea kwa vipindi mpaka Waingereza walipomkamata na kumnyonga mwaka 1895. Nilisoma habari hizo zamani shuleni kama jambo la tarehe. Kuzisikia pale, kutoka kwa mtu anayenisemesha Kiswahili, ni jambo jingine. Lugha ninayoiandika hapa ilifika ufukwe ule pamoja na misafara ambayo mzigo wake ulikuwa pembe, na mbebaji wa pembe naye alikuwa mzigo. Mwenyeji wangu aliyasema haya bila kunilaumu, akiwa ananiwekea samaki sahanini. Nilikula polepole.

Kuanzia Karonga barabara inakwenda kusini huku Ziwa Nyasa likiwa mkono wa kushoto. Yeyote aliyekulia Kyela namshauri akae upande wa dirisha la kushoto, kwa sababu asubuhi yenye hewa safi utaiona Milima ya Livingstone ng'ambo ya maji, imesimama kama ukuta wa rangi ya samawati, na utajua kwamba chini ya ukuta ule ndipo ilipo Matema, na Lupingu, na huko mbele Manda. Tangu utotoni niliiona milima ile kutoka chini, iko juu ya kichwa changu. Sikuwahi kuiona yote kwa pamoja. Nilitamani kumwonyesha mtu, lakini jirani yangu alikuwa amelala na kuku wake mapajani.

Barabara ile ina vizuizi vingi vya polisi. Kila kizuizi tulishuka, mifuko ikafunguliwa. Bidhaa zinazotafutwa ni zile zinazotoka kwetu, na hapo ndipo nilipoelewa biashara ya mama mmoja aliyeketi nyuma yangu. Alikuwa amejifunga vitenge, kimoja juu ya kingine juu ya kingine. Nilihesabu pindo tano. Wanawake wengine wa Malawi nao huvaa chitenje juu ya sketi, kwa hiyo cha kwanza hakishangazi mtu. Askari alimtazama. Mama akatazama ziwa. Askari akapita kwa abiria mwingine, na gari zima likavuta pumzi. Baadaye aliniambia kwamba ana watoto watatu sekondari. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza.

Baada ya Chitimba barabara inaliacha ziwa na kuanza kupanda mlima. Gurudumu letu la nyuma lilipasuka pale kwenye kona, na spea ilikuwa chini ya mizigo yote. Kwa hiyo kila kitu kikashushwa: magunia, magodoro mawili, mashangazi kaja yasiyohesabika, sufuria, mbuzi mmoja aliyefungwa miguu. Tulikaa kando ya barabara karibu saa mbili. Msichana akapita na ndoo ya thobwa, na nilipoionja nikacheka kwa furaha, maana ni togwa, togwa ileile ninayoinywa nikienda Songea. Andazi kwao ni mandasi. Maji ni madzi, samaki ni nsomba, na mzigo ni katundu. Neno hili la mwisho nililisikia mara nyingi kuliko salamu. Katundu wako yuko wapi? Katundu wa nani huyu? Katundu ashuke!

Mzuzu nilipita kwa baridi na usingizi, sina la kuusimulia. Asubuhi yake nikateremka hadi Nkhata Bay, mwendo wa kilomita zipatazo 50, msitu mkono huu na mihogo mkono ule, mpaka ziwa likatokea ghafla chini ya miguu yetu.

Nkhata, kwa Kichewa, ni ngata, ile kata ya nguo au majani ambayo mwanamke huiweka kichwani kabla hajajitwika. Sijui neno lililopendeza zaidi kwa bandari. Ghuba yenyewe imejikunja, milima imeizunguka, na gati liko katikati. Karibu na gati kuna kumbukumbu ya watu waliouawa tarehe 3 Machi 1959. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari, ikawakamata wapigania uhuru kila wilaya, na waliokamatwa upande huu waliletwa hapa ili wapakiwe melini wapelekwe kusini. Watu wa vijijini wakateremka kwa mamia kudai ndugu zao. Askari wakafyatua risasi, wakafa watu wasiopungua 20. Malawi nzima huikumbuka siku hiyo kila mwaka kama Siku ya Mashujaa. Nilisimama pale nikiwa na tiketi yangu mkononi. Watoto walikuwa wakiruka majini kutoka gatini, wanapiga kelele, na wanawake walikuwa wanapanga matenga ya nyanya kungojea meli.

Meli hiyo ni Ilala. Ilijengwa Scotland mwaka 1949, ikasafirishwa vipande vipande mpaka pwani ya Msumbiji, ikapandishwa reli, ikaunganishwa upya Chipoka, na mwaka 1951 ikaanza kulizunguka ziwa hili. Jina ni la eneo la Zambia alikofia Livingstone, ila sisi wa Dar es Salaam tukilisikia tunafikiria Wilaya ya Ilala. Kabla yake kulikuwa na meli mpya iliyoitwa Vipya. Tarehe 30 Julai 1946, ikiwa ndiyo kwanza imeanza kazi, ilipinduliwa na dhoruba upande wa kaskazini na watu 145 wakapotea. Niliyajua hayo kabla sijapanda. Mtanzania gani anapanda meli bila kuifikiria MV Bukoba iliyozama? Nilihesabu maboya. Nilitazama mashua za kuokolea zilivyoning'inia. Kisha nikapanda daraja la juu, kwenye sitaha ya wazi, kwa sababu daraja la chini lilikuwa limejaa hadi ngazini, mtu juu ya gunia, gunia juu ya mtu.

Upepo wa mwera ulituchelewesha. Huo ndio upepo wa kusini-mashariki unaovuma ziwani miezi ya sita hadi ya nane, na wavuvi wa kwetu wanauita hivyohivyo. Ilikuwa saa sita za usiku, saa za Kiswahili, honi ilipolia na taa za Nkhata Bay zikaanza kurudi nyuma.

Kabla ya hapo waliingiza jeneza.

Lilikuja juu ya pikapu, wanaume sita wakalibeba, na vijana wa gati waliokuwa wakipigiana kelele tangu jioni wakanyamaza wote kwa pamoja. Marehemu alikuwa mtu wa Chizumulu, amefia hospitali bara, anarudi kwao. Halikuwekwa pamoja na magunia. Walilipa nafasi yake, wakatandika chitenje juu, na wanawake wapatao kumi wakaketi kulizunguka. Wakaimba. Hawakuimba kwa sauti ya kilio. Waliimba chini kwa chini, wimbo mmoja ukiishia kwenye mwingine, na kila meli ilipoinuka juu ya wimbi na kuanguka, sauti zao ziliyumba kidogo na kurudi palepale. Nilikuwa juu yao, nimejifunika shuka mbili, nimelowa kwa rasharasha, na hofu yangu ya maji ikaniona aibu ikaondoka. Nadhani nilisinzia. Nilipofumbua macho bado walikuwa wanaimba.

Wakati ule Chizumulu hakukuwa na gati. Likoma pia hakukuwa nalo. Meli ilikuwa ikitia nanga mbali kidogo, zile mashua za kuokolea zinateremshwa, na ndizo zilizofanya kazi ya kivuko: mzigo unashuka, watu wanashuka, wengine wanapanda, mara kumi, mara kumi na tano. Alfajiri ile mashua ya kwanza ilikuwa ya jeneza na wanawake wake. Hakuna aliyetoa amri. Abiria wenye haraka, wenye kuku, wenye malata ya kuezekea, wote walisubiri. Ufukweni kulikuwa na umati umesimama ndani ya maji hadi magotini kumpokea.

Likoma tulifika jua limekwisha panda. Ili uingie kwenye mashua unashuka ngazi ya chuma ubavuni mwa meli, unangoja wimbi liinue mashua, halafu unaachia mikono. Baharia alinishika kiwiko akasema, "Sasa, achemwali!", yaani dada, nikaachia. Nyuma yangu viliteremka magunia ya mahindi, kreti za soda, baiskeli, godoro la sita kwa sita na mlango mzima wa mbao. Kisiwa hiki kina kilomita za mraba zipatazo 18, ardhi yake ni ya mawe na mchanga, inakubali muhogo na haina simile na mahindi. Ukiona mtu anakula nsima, yaani ugali, ya mahindi Likoma, punje ile imepita mikononi mwa yule baharia.

Mtu akitazama ramani atashangaa. Kisiwa ni cha Malawi, lakini maji yanayokizunguka ni ya Msumbiji, na nchi kavu unayoiona karibu kabisa, na vijiji na moshi wake, ni Msumbiji. Sababu ni wamisheni wa Kianglikana waliofanya makao hapa kuanzia miaka ya 1880. Walikuwa Waingereza, kisiwa kikabaki upande wa Waingereza. Mpaka wetu sisi na Malawi nao una mzozo wake, unaotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890: wao wanasema mpaka ni ufukwe wa kwetu, sisi tunasema ni katikati ya maji. Nimeisikia hoja hiyo maisha yangu yote, na nimeisikia ikisemwa kwa ukali na watu wasiowahi kuonja usipa. Hata jina tunagombea. Livingstone alifika mwaka 1859, akauliza haya maji yanaitwaje, akajibiwa "nyasa", neno la Kiyao lenye maana ya ziwa. Malawi waliliacha jina hilo walipopata uhuru mwaka 1964. Huku Likoma hakuna niliyemsikia akitumia lile wala hili. Wanasema nyanja, basi, ziwa.

Wamisheni wale waliacha kanisa ambalo sikulitegemea. Ni kanisa kuu la Mtakatifu Petro, limeanza kujengwa mwaka 1903 na kuwekwa wakfu mwaka 1911, lina urefu wa kama mita 100, la mawe, lina madirisha ya vioo vya rangi, na limesimama katikati ya mibuyu na vibanda vya nyasi kama jambo lililoota. Mahali hapo panaitwa Chipyela, mahali pa kuunguzia, kwa kuwa zamani waliotuhumiwa uchawi walichomwa hapo. Niliingia mchana, hakukuwa na mtu ila mama mmoja anayefagia. Alinionyesha msalaba, akaniambia mti wake umetoka Chitambo, kijiji alikofia Livingstone, kwenye ule mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone.

Nikaketi. Msalaba wa namna hiyohiyo, wa mti huohuo, nimeuona Zanzibar, Mkunazini, ndani ya kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ni misheni ileile. Walikimbilia Zanzibar baada ya kushindwa kwenye bonde la mto Shire, kutoka Zanzibar wakafika Masasi, kutoka Masasi baadhi yao wakafika ziwani. Mmoja wao, Chauncy Maples, alikaa Masasi kisha Likoma, akafanywa askofu, na mwaka uleule wa 1895, akirudi kwenye jimbo lake, akazama katika ziwa hili. Nilifikiria njia hiyo kwa kinyume chake: kutoka ziwa kwenda Masasi kwenda pwani kwenda Mkunazini, ambayo ndiyo njia waliyopitishwa watu wa huku, shingo zikiwa kwenye gogo. Mti mmoja umekatwa, kipande kimoja kimewekwa mwanzo wa njia na kingine mwisho wake. Sikuambiwa kama waliofanya hivyo walikusudia. Yule mama alimaliza kufagia, akakaa benchi la nyuma, akanisubiri bila kunihimiza.

Niliishi Likoma siku nne, nyumba ya wageni ya mama mmoja mjane karibu na ufukwe. Kazi yangu ilikuwa kutembea na kuangalia usipa ukianikwa. Kule Kyela pia tunaita usipa, dagaa wembamba wanaong'aa kama sindano. Hapa huanikwa juu ya vichanja virefu vya matete ili mchanga usiwaingie, na wanawake hupita wakiwageuza kwa viganja, mchana kutwa, wakifukuza kunguru. Jioni mitumbwi hutoka na taa zao, na usiku ziwa huwa kama mji. Tulikula nsima ya muhogo, ile wanayoiita kondowole, inavutika kiasi kwamba tonge lina ubishi wake, na usipa wa kukaanga na nyanya.

Siku ya tatu alikuja mzee, amesikia kuna Mtanzania. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akajibu "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayefungua sanduku la siku nyingi. Alivua samaki upande wetu ujana wake, Liuli na Mbamba Bay, na Kiswahili chake kilikuwa cha wakati ule. Alisema "ndugu" kama watu walivyosema enzi za Mwalimu. Akaniuliza bei ya nyavu. Akaniuliza kama meli za kwetu bado zinakwenda. Nilimweleza ninavyojua, na akatikisa kichwa.

"Meli ikikaa bila kuja, ndugu," akasema, "sisi hapa tunajua siku ya kwanza kwa sukari. Wiki ya pili kwa chumvi. Mwezi ukiisha tunajua kwa wagonjwa."

Hilo ndilo ninalotaka msomaji alichukue kwa uzito. Kwa mgeni, Ilala ni meli ya kizamani ya kupendeza, na wengi wameiandika hivyo, machweo ya jua na vinywaji baridi kwenye sitaha ya juu. Lakini mara nyingi imekaa matengenezo kwa miezi, na katika miezi hiyo mtu wa Likoma hutegemea mitumbwi ya injini iliyopakiwa hadi ukingoni, katika ziwa lileile lililomzamisha askofu. Kwetu ni hivyohivyo. Ndugu zangu wa Lupingu na Manda, milima ikiwa mgongoni, wameishi kwa kuhesabu siku za meli kutoka Itungi. Nikiona serikali yoyote, yetu au yao, inaiweka meli ya ziwani nyuma ya barabara katika orodha ya mambo ya lazima, nafahamu kwamba aliyeandika orodha hiyo ana barabara.

Siku ya kuondoka, mwenye nyumba akaja na ndoo. Ndoo ya lita kumi, ya rangi ya bluu, ina mfuniko, na kwenye mfuniko imechorwa alama ya msalaba kwa rangi ya kucha nyekundu. Ndani usipa mkavu umeshindiliwa. Binti yake ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Chilumba. Nami nakwenda Chilumba, sivyo? Mzigo ukiwa na mtu, alisema, unafika. Mzigo ukiwa peke yake unachoka njiani. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nani aliyekulia stendi za Tanzania asiyejua kutumwa mzigo? Nimebeba maparachichi ya Tukuyu hadi Ubungo kwa watu ambao sikuwajua majina.

Kutoka Likoma upepo ulikuwa nyuma yetu na meli ilikwenda kwa raha. Baada ya Nkhata Bay ikashika ufukwe wa magharibi, na hapo nikaona sehemu ambayo basi halikunionyesha: milima inashuka moja kwa moja majini, hakuna tambarare, vijiji vimebandikwa kwenye mikunjo ya vijito. Usisya wana barabara, mbaya, ya kupanda mlima hadi Mzuzu. Ruarwe wakati ule hawakuwa na barabara ya gari hata hiyo mbaya. Meli ilipopiga honi, kijiji chote kilikuwa kimesimama ufukweni, na mashua zikaenda na kurudi. Kilichoshuka: saruji mifuko sita, madaftari ya shule, chumvi, betri, mwanamke mjamzito aliyekuwa amekwenda kliniki. Kilichopanda: muhogo mkavu, usipa, ndizi, na kijana mmoja mwenye sanduku la bati na shati jeupe lililopigwa pasi kwa mkaa, anakwenda kuanza sekondari ya bweni. Mama yake aliingia majini hadi kiunoni kumshikia sanduku. Yule kijana alipofika juu akasimama ukingoni, hakupunga mkono mpaka meli ilipoanza kugeuka. Kisha akapunga mfululizo, muda mrefu, hadi kijiji kikawa mstari.

Nilimpa andazi. Akakaa juu ya sanduku, mimi nikakaa juu ya ndoo.

Chilumba tulifunga gati asubuhi, na ng'ambo ya maji milima yetu ilikuwa inatoka katika ukungu. Mwalimu alikuwa amefika kabla ya meli. Aliitambua ndoo kabla hajanitambua mimi. Aliona ile alama nyekundu, akaja moja kwa moja, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wanawake wa huko, akanisalimu. Nikamweleza mama hajambo, mguu unamsumbua ila si sana, paa la jikoni limetengenezwa. Alisikiliza kila neno. Halafu akafungua mfuniko, akanusa, akafumba macho.

Hakuondoka na ndoo. Alimimina usipa kwenye kiroba alichokuja nacho, akashuka kwenye mawe, akaiosha kwa maji ya ziwa na mchanga, akaipangusa kwa ncha ya chitenje chake. Kisha akafungua mfuko mwingine na kuanza kuijaza mchele. Mchele mrefu, mweupe, wenye harufu niliyoifahamu hatua tatu kabla. Nikamuuliza mchele gani huo.

"Kilombero," akasema. "Tunalima Karonga. Ndio mtamu kuliko wote."

Nikamwambia Kilombero ni kwetu, ni bonde, ni mto, ni wilaya. Hakuwa anajua. Alidhani ni jina la mbegu tu. Alirudia neno lile mara mbili, akacheka, akaniongezea kiganja kimoja kwenye mfuko wangu ili nikamwonyeshe mama. Akafunga mfuniko, akaupigapiga ukae sawa, akaipandisha ndoo gatini na kumkabidhi mama mmoja wa Likoma aliyekuwa anarudi na meli, ambaye aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kuiweka kati ya miguu yake kwenye sitaha ya chini.

Basi la Karonga lilikuwa linapiga honi juu barabarani. Nilipanda mlima nikiwa na begi moja, nikachagua dirisha la upande wa ziwa.